Shajara ya mradi: unasihi wa pombe katika vituo vya afya vya Busia

Februari, mwanzoni

Mradi umeanza. Tunawafundisha wauguzi, wakunga na maofisa tabibu wa vituo vya afya vya daraja la pili na la tatu wilayani Busia, Uganda, namna ya kuzungumza na mgonjwa ambaye pombe imeanza kumharibia mambo. Hatujengi nyumba ya kuwalaza waraibu. Tunachotaka ni kwamba muuguzi aliyekaa na mgonjwa wa presha kwa dakika kumi azitenge tano kwa jambo ambalo kwa kawaida haliulizwi kabisa.

Huku mpakani pombe inaingia kutoka kila upande. Kuna malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kuna waragi, pombe kali ya kupikwa vijijini, kuna chang'aa na busaa za ng'ambo ya Kenya, kuna bia na vichupa vya kiwandani katika kila duka la rejareja. Madereva wa malori wanalala kwenye foleni, bodaboda hawalali, na wavuvi wa Majanji wanalipwa taslimu asubuhi na mapema, saa ambayo vilabu vya mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki, vimeshafunguliwa. Kiswahili ndicho kinachomkutanisha Msamia, Mteso, Mganda na Mluhya wa upande wa pili, kwa hiyo mafunzo yote tunayaendesha kwa Kiswahili. Kila mmoja akirudi kituoni kwake ataendelea na Kisamia au Kiteso kadiri mgonjwa wake anavyotaka.

Kuhusu ukubwa wa tatizo: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba kila mkazi wa Uganda mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea, ukigawa sawasawa, alikunywa lita 9.5 za alkoholi tupu mwaka 2016. Na watu wengi nchini hawagusi pombe maisha yao yote, kwa hiyo wanaokunywa ndio wanaobeba mgao wa wenzao. Serikali ilipiga marufuku pombe ya pakiti mwaka 2019, na nafuu ilionekana, hasa kwa watoto wa shule waliokuwa wakificha pakiti mfukoni. Muswada wa kubana saa za kuuza pombe, ulioletwa na Sarah Opendi, wakati huo mbunge wa majirani zetu wa Tororo, ulikataliwa Bungeni mwaka 2024. Ningependa sana upite. Lakini mgonjwa aliyeko kwenye benchi leo hawezi kusubiri Bunge, na Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili yenye wataalamu wa uraibu, iko Kampala, kilomita zipatazo 200 kutoka hapa. Msaada atakaoupata wiki hii ni ule wa kituo cha jirani.

Februari, wiki ya mwisho

Siku ya kwanza darasani. Tulianza na AUDIT, dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani. Washiriki walichangamka waliposikia kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambako lilitengenezwa na kujaribiwa, pamoja na Australia, Bulgaria, Meksiko, Norwei na Marekani. Halikubuniwa Ulaya likaletwa kwetu kwa boksi.

Maswali matatu ya kwanza yanahusu unywaji wenyewe: mara ngapi, kiasi gani, na ni mara ngapi mtu anafikisha vipimo sita vya pombe au zaidi kwa kikao kimoja. Yanayofuata yanauliza kama anashindwa kuacha akishaanza, kama anazimua asubuhi, kama anajuta, kama anasahau yaliyotokea jana yake, kama yeye au mtu mwingine ameumia, kama ndugu au daktari amewahi kumwambia apunguze. Alama zinaanzia 0 hadi 40. Chini ya 8, mpe elimu na umpongeze. 8 hadi 15, ushauri mfupi. 16 hadi 19, ushauri mfupi, unasihi na ufuatiliaji wa karibu. 20 kwenda juu, mpeleke kwa mtaalamu akachunguzwe vizuri zaidi.

Hayo waliyashika kabla ya chai. Watu hawa wamezoea kusoma chati za malaria, VVU na lishe, hawashindwi na jedwali.

Swali lililowasumbua lilitoka kwa ofisa tabibu wa muda mrefu: "Dakika tano zitamfanyia nini mtu aliyekunywa miaka ishirini?" Ni swali la haki, nikamjibu kwa kile kinachojulikana. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio zaidi ya sitini, yalionyesha kwamba waliopewa ushauri mfupi na daktari au muuguzi wa kawaida walikuwa wanakunywa pungufu kwa gramu 20 hivi za alkoholi kwa wiki, mwaka mmoja baadaye, wakilinganishwa na wasioupata. Gramu 20 ni chupa moja ya bia ya nusu lita. Alitikisa kichwa, akaona ni kidogo. Nikamwambia sehemu ya pili: kurefusha mazungumzo hakukuongeza faida kubwa. Kwa hiyo kukosa saa nzima si sababu ya kutouliza. Na huyo wa miaka ishirini huenda ni wa alama 20 na zaidi, ambaye dakika tano hazimtoshi kweli. Wa alama 10 ndiye tunayempoteza kila siku kwa sababu haonekani mlevi.

Machi

Wiki nzima imekwenda kwenye vipimo, na sijuti hata saa moja. Dodoso linataka kujua vipimo, kipimo kimoja kikiwa na gramu 10 za alkoholi. Sasa mwambie hivyo mtu aliyekaa na wenzake wanane kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu wa kuchuja ulezi, na mwenye kilabu anapita na birika la maji ya moto kuongezea chungu kila kinapopungua. Chungu kinaanza kikali na kuisha kikiwa chepesi. Aliyewahi na aliyechelewa hawakunywa kitu kimoja. Glasi hakuna. Utahesabu nini?

Washiriki wenyewe ndio waliofungua fundo hili, maana wengi wamekua karibu na chungu. Mkunga mmoja wa Kiteso alisema tusimsumbue mtu kwa gramu, tumuulize mambo matatu anayoyajua: alikaa kwenye chungu kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, maji yaliongezwa mara ngapi akiwapo, na alichangia shilingi ngapi. Mwingine akaongeza la nne, ambalo mimi naliona bora kuliko yote: baada ya chungu, alikwenda wapi? Wengi huondoka kwenye malwa wakapitia waragi, na hiyo waragi hawaitaji wakiulizwa, kwa sababu moyoni mwao "kunywa" ni chungu, waragi ni ya kusindikiza tu.

Kwa vinywaji vinavyopimika tulipiga hesabu ubaoni. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5: vipimo viwili. Kichupa cha mililita 200 cha asilimia 40: vipimo sita na zaidi kidogo. Kisha tukachukua ile chupa ya maji ya nusu lita ambayo kila mtu hapa ameiona ikijazwa waragi kutoka kwenye jerikani. Ikiwa ni asilimia 40, ndani yake kuna karibu gramu 158, yaani vipimo vipatavyo 16. Darasa lilinyamaza, kisha likalipuka kwa mazungumzo. Muuguzi mmoja alisema ana mgonjwa wa kisukari anayemwambia kila mwezi kwamba anakunywa "kachupa kamoja tu jioni", naye amekuwa akiandika: anakunywa kidogo. Waragi ya nyumbani haina lebo, inaweza kuwa chini au juu ya hapo, lakini sasa hakuna atakayesikia "kachupa kamoja" akageuza ukurasa.

Tumechora chati ya ukurasa mmoja: chungu, mrija, chupa ya bia, kichupa, chupa ya maji, glasi ndogo. Itabandikwa kwenye meza ya kupimia presha.

Machi, mwishoni

Leo tumefika kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo mradi utakapofaulu au kuanguka.

Tulikialika kikundi cha maigizo cha mjini, vijana wanaojua kuigiza mgonjwa kiasi cha kukusahaulisha. Kila mshiriki alipewa dakika tano na mgonjwa wa kuigiza, simu ikirekodi. Kisha tukasikiliza pamoja. Kila rekodi ilikuwa na sura ileile. Muuguzi anauliza swali moja, anapata jibu nusu, halafu anaanza: "Baba, pombe itakuua. Ini litaoza. Angalia watoto wako. Muombe Mungu akusaidie uache." Mgonjwa anasema, "Ndiyo Sista, ndiyo Sista," anachukua dawa, anaondoka. Wengi wa washiriki ni walokole, na upendo wao kwa wagonjwa ni wa kweli. Sikutaka mtu aone kwamba imani yake ndiyo tatizo. Nikawaomba wafanye jambo moja tu: wasikilize rekodi wakiwa na saa mkononi, waandike nani amezungumza kwa muda gani.

Mgonjwa alizungumza kidogo mno katika karibu kila rekodi. Na kitu chenye thamani kwenye mazungumzo haya ni kile kinachotoka kinywani mwa mgonjwa. Ndicho alichokiona mwanasaikolojia William Miller, aliyeandika kuhusu njia hii kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na baadaye kuiendeleza na Stephen Rollnick: mtu mwenye nia mbili, moja ya kuacha na moja ya kuendelea, ukimshikia upande wa kuacha, yeye ataushika upande wa kuendelea. Utamsikia akijitetea, na kila anapojitetea anazidi kujishawishi. Ukimwacha azitaje mwenyewe sababu za kupunguza, anajisikia akizitaja.

Kwa hiyo tunafundisha mambo machache, kwa kurudiarudia. Kuomba ruhusa kabla ya kuuliza. Kuuliza swali ambalo haliishii kwenye ndiyo au hapana. Kumrudishia mgonjwa maneno yake, kisha kunyamaza. Kutaja kitu kizuri ambacho kweli amekifanya. Kufupisha aliyoyasema na kumuuliza anaonaje. Na ile rula: kutoka sifuri hadi kumi, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako? Akisema nne, muulize kwa nini ni nne na isiwe moja. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanauliza kwa nini si tisa, na mgonjwa anaanza kueleza kwa nini hawezi.

Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Mshiriki mmoja alisema akinyamaza anaona kama hafanyi kazi.

Aprili, mwanzoni

Mvua. Barabara ya kwenda kwenye vituo vya mbali imekatika, kikao kimeahirishwa. Tumetuma rekodi mbili za mazoezi kwa simu ili watu wasikilize wakiwa nyumbani.

Aprili, katikati

Kikao cha leo kilikuwa cha hatari za kuacha ghafla. Nilikipanga kiwe kifupi, kikachukua mchana wote kwa sababu ya kisa alichosimulia ofisa tabibu mmoja kutoka mahali alipokuwa akifanya kazi zamani. Mtu aliletwa amevunjika mguu. Akalazwa. Kesho yake akaanza kutetemeka na kutoka jasho, siku ya tatu akawa anashika wadudu wasioonekana kwenye shuka na kumwita marehemu kaka yake. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, wakamtibu malaria hivyohivyo. Ndugu wakasema amelogwa, wakamchukua usiku kwenda kwa mganga. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anakunywa.

Tulikipitia kisa hatua kwa hatua. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa, kutetemeka huanza ndani ya saa chache, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa namna ile huja mara nyingi kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa kwa hali hiyo, nayo inatibika kwa diazepamu, maji ya kutosha na vitamini B1. Mlevi wa muda mrefu asiyekula vizuri apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari peke yake inaweza kuuharibu ubongo ambao hauna vitamini hiyo.

Kanuni tuliyokubaliana, na nimeomba kila mtu aiandike kwa mkono wake: anayezimua kila asubuhi asiambiwe "acha leo". Muulize kama amewahi kutetemeka au kupata degedege alipokosa pombe. Akisema ndiyo, kuacha kwake kunahitaji dawa na uangalizi, na mahali pa uangalizi ni hospitali. Nawaza ni wangapi waliosikiliza mahubiri mazuri ya kuacha, wakarudi nyumbani wakaacha kweli, na yakawakuta haya bila mtu wa kuwaelewa.

Mei

Tumetoka darasani, tuko vyumbani. Nakaa pembeni, kwa idhini ya mgonjwa, nasikiliza, kisha tunazungumza na mhudumu baada ya foleni kuisha.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa ujuzi, kilikuwa benchi. Katika kituo kimoja benchi la wanaosubiri liko hatua mbili kutoka meza ya presha. Nani atajibu habari za waragi huku jirani yake anasikiliza? Mkuu wa kituo alilihamisha benchi siku hiyohiyo hadi barazani. Haikugharimu shilingi.

Naandika hapa mazungumzo ya muuguzi mmoja na mzee mvuvi, kadiri nilivyoyashika, kwa sababu ndiyo ninayotaka wengine wayasikie.

"Mzee wangu, kwa ruhusa yako, naomba nikuulize habari za vinywaji. Nawauliza wagonjwa wote wa presha."

"Uliza tu, Sista."

Alijibu maswali kumi, alama zikafika 14. Muuguzi akamwonyesha karatasi, akamweleza kwamba pombe ya kiasi hicho inaipandisha presha na kuifanya dawa ihangaike bure. Kisha: "Wewe mwenyewe unalionaje?"

"Mama watoto ndiye analalamika."

"Mama analalamika."

Akanyamaza. Nilimwona akibana kalamu ili asiseme. Mzee akatazama dirishani, akasema, "Pesa ya samaki haifiki nyumbani. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule tena."

"Unataka mtoto asome."

"Ndiye wa mwisho. Wakubwa wote walikomea njiani."

Kwenye rula alisema sita. Alipoulizwa kwa nini sita na isiwe mbili, alizungumza mwenyewe kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusikia mgonjwa akizungumza katika chumba kile. Mpango aliutoa yeye: akishauza samaki atamtumia mama pesa kwa simu kabla hajaondoka mwaloni, abaki na ya sabuni na nauli. Muuguzi aliandika maneno hayohayo kwenye kadi yake, akampa tarehe ya kurudi. Hakutaja ini wala jehanamu.

Siwezi kuahidi kwamba mzee atapunguza. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alimuuliza na kumngoja ajibu.

Juni

Siku za kliniki ya ARV zina ugumu wake. Hapa wagonjwa wanajua jibu ambalo mhudumu anataka, na wanaogopa kugombezwa. Tafiti zilizofanyika Mbarara kwa kipimo cha damu kinachoonyesha pombe iliyonywewa wiki mbili tatu zilizopita zimegundua kwamba wengi wanaokunywa husema hawanywi. Sisi hatuna kipimo hicho, wala sioni kama kingetusaidia kupata imani ya mgonjwa. Tumewaomba wahudumu waanze kwa kusema wazi: jibu lolote utakalotoa, dawa zako utazipata. Wengine walikuwa wanakosa dozi kwa makusudi siku za kunywa, wakiamini ARV na pombe haviingii mwilini pamoja. Kuambiwa "meza dawa hata siku uliyokunywa" kumewashangaza. Kwa wanaotumia isoniazidi ya kukinga kifua kikuu tunasisitiza zaidi, kwa sababu dawa hiyo na pombe vyote vinaligonga ini.

Jambo zito la mwezi huu ni akina mama wanaopika na kuuza pombe, wanaoitwa mama pima. Katika mjadala mhudumu mmoja alipendekeza tuwape akina mama pima onyo kali wakija kliniki. Muuguzi mwenzake akasimama, akasema ada yake yote ya shule ya uuguzi ililipwa na waragi ya mama yake, na mama huyo leo ni mgonjwa wa ini kwa sababu alikuwa akionja kila pipa. Hakuna aliyezungumza baada yake kwa muda. Nadhani mafunzo yetu yanapaswa kumtosha mama yule: kumuuliza kuhusu kuonja, kuhusu mimba kama yupo kwenye umri huo, kuhusu kipato kingine kama anakitamani, bila kumfanya mhalifu. Yeye pia ndiye wa kwanza kujua pombe mbaya ikiingia sokoni. Mwaka 2010 waragi iliyochanganywa methanoli iliua watu Kabale, na dalili ya macho kuingia ukungu baada ya kunywa ni ya kukimbizwa hospitali bila kusubiri asubuhi. Mama pima akijua hilo, kijiji kizima kimejua.

Wakunga wamekubali kuuliza kila mjamzito kwenye hudhurio la kwanza. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, na hilo ni rahisi kulisema kwa upole.

Julai

Wauguzi wawili wazuri kuliko wote tuliowafundisha wamehamishwa. Hili litatokea kila mwaka, kwa hiyo tumebadili mpango: kila kituo kinakuwa na jozi, na mmoja wa jozi lazima awe mtu ambaye haondoki, kwa mfano mhudumu wa afya wa kijiji. Wengine wanasema hawa hawana elimu ya kutosha. Kule Goa, India, washauri wasio na taaluma ya afya ya akili walifundishwa unasihi wa vikao visivyozidi vinne kwa wanywaji wa kiume, na jaribio lililochapishwa kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2017 lilionyesha faida. Karibu zaidi na sisi, Eldoret, wahudumu wa kada ya chini waliendesha vikao sita vya kila wiki kwa Kiswahili kwa wanywaji wanaoishi na VVU. Watu wetu wa vijiji wanaweza, mradi wasiachwe peke yao baada ya cheti.

Hilo la kutoachwa ndilo ninalolisukuma sasa kwa ofisi ya afya ya wilaya. Mtu aliyefundishwa siku chache na kuachwa anarudi kwenye mahubiri, tumeshaanza kusikia hivyo kwenye rekodi za vituo tulivyochelewa kuvitembelea. Tulipokaa nao tena kusikiliza rekodi moja tu, walijirekebisha wenyewe katikati ya kusikiliza. Kwa hiyo fedha iliyobaki haitakwenda kwenye semina nyingine ya hotelini. Itakwenda kwenye nauli na muda wa maongezi ya simu, kila jozi isikilizwe rekodi moja kwa mwezi hadi mwisho wa mwaka. Wiki ijayo tunaanza na vituo vya upande wa ziwa, na chati za vipimo zilizochapishwa upya, zenye chungu kikubwa zaidi, zinakwenda nasi.